Risala ya Kikundi cha Mazoezi cha Wazee kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Wazee wenzetu na wageni waalikwa,

Karibuni sana. Mheshimiwa, tunajua kazi zako zilivyo nyingi, na kuja kwako leo, tarehe 1 Oktoba, kumetupa faraja kubwa.

Kikundi chetu kilianza na akina mama sita. Sasa tuko 31, wake kwa waume. Tunakutana mara tatu kwa wiki alfajiri kwenye uwanja wa shule ya msingi, na vifaa vyetu ni viti vya plastiki na chupa za maji za lita moja na nusu tulizojaza mchanga.

Kilichotukutanisha ni neno moja. Kila tulipolalamika kwamba miguu imeisha nguvu, tuliambiwa: "Mzee, huo ni umri tu. Pumzika." Watoto wetu walisema hivyo kwa upendo. Wengine tuliambiwa hivyo hata kwenye chumba cha daktari. Tukapumzika, na kadiri tulivyopumzika ndivyo tulivyozidi kuishiwa.

Binti wa mwenzetu anayefundisha baiolojia ndiye aliyetufungua macho. Alitueleza kuwa ndani ya seli za misuli mna mitokondria, ambazo huchukua chakula tulichokula na oksijeni tuliyovuta, zikavigeuza kuwa nguvu ya kunyanyulia mguu. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alionyesha kuwa panya wakikimbizwa kwa wiki kadhaa, vimeng'enya vya mitokondria, yaani protini zinazoharakisha kazi hiyo ya kuzalisha nguvu, katika misuli yao huongezeka hadi kukaribia mara mbili.

Na binadamu mzee je? Dk. Sreekumaran Nair na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, huko Minnesota, Marekani, walichunguza watu 146 wenye afya, wa miaka 18 hadi 89. Walichukua kipande kidogo cha msuli wa paja kwa sindano, wakapima. Matokeo yalitoka mwaka 2005: umri unavyopanda, mitokondria huzalisha nguvu kidogo zaidi. Kumbe udhaifu wetu haukuwa uvivu wala deko.

Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya vijana na wazee waliofanya mazoezi ya kasi kwa wiki 12. Kwenye baiskeli walikanyaga kwa nguvu dakika nne, wakapunguza mwendo dakika tatu, wakarudia hivyo mara nne. Uwezo wa mitokondria za vijana ulipanda kwa asilimia 49. Wa wazee wa miaka 65 hadi 80 ulipanda kwa asilimia 69. Mheshimiwa, tunaomba turudie: wazee ndio waliopanda zaidi.

Mazoezi ya kasi peke yake hayajengi nguvu ya msuli kama kunyanyua vizito, ndiyo maana tuna zile chupa za mchanga. Huko Boston, mwaka 1990, Dk. Maria Fiatarone aliwanyanyulisha vizito kwa miguu wazee dhaifu wa miaka ipatayo 90 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Tisa waliomaliza wiki nane waliongezeka nguvu kwa wastani wa asilimia 174.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Tunaomba mtaalamu wa mazoezi ya tiba atutembelee walau mara moja kwa mwezi, atupime presha na kutuelekeza, kwa sababu mazoezi ya kasi bila kupimwa ni hatari kwa watu wa umri wetu. Pili, kwenye dirisha la wazee, pamoja na dawa, mzee aulizwe anaweza kunyanyuka kwenye kiti mara ngapi bila kushikwa, na aelekezwe mazoezi yanayomfaa.

Kabla hatujakukaribisha uzungumze, yupo bibi mmoja kati yetu, wa miaka 78. Siku ya kwanza alipofika hapa, wajukuu wawili walimshika makwapa ndipo akasimama, na aliposimama alifumba macho kwa maumivu ya magoti. Kiti chake kiko mbele yako. Atakunja mikono kifuani, atakaa na kusimama, na tunaomba wewe mwenyewe umhesabie.

Naomba kuwasilisha.