Kutua salama si kuwa tayari kuruka tena

Mhariri,

Kila chombo cha angani kinapotua salama, magazeti yetu huandika kana kwamba kazi imekwisha. Ugumu wenyewe huanzia hapo. Wasomaji wa Pwani, ambao kule Ngomeni wana jukwaa la San Marco lililorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970 kwa roketi ya kutumika mara moja, wanastahili kuelezwa.

Chukua Columbia, chombo cha angani cha Marekani kilichoundwa kuruka tena na tena. Kiunzi chake kilikuwa cha alumini, isiyotakiwa kupita nyuzi 175 hivi za Selsiasi, ilhali wakati wa kurudi tumbo la chombo lilikabili zaidi ya nyuzi 1,000. Kinga ilikuwa vigae vya silika (madini yaliyomo mchangani), zaidi ya 30,000, karibu kila kimoja na umbo lake. Alumini hutanuka kuliko silika, hivyo kigae kikibandikwa juu yake moja kwa moja hupasuka. Pakawekwa kitambaa laini katikati. Kitambaa nacho kikazua balaa jingine: nyuzi zake zilivuta kigae kwenye nukta chache tu, na uimara wa maungio ukashuka karibu nusu. Dawa yake ilikuwa kupaka upande wa ndani wa kigae uji wa silika mpaka ugumu. Maelfu ya vigae vilibanduliwa na kubandikwa upya, na safari ya kwanza ikangoja hadi Aprili 12, 1981.

Majaribio hayakufichua yote. Mwaka 1977 Enterprise, chombo cha majaribio cha aina hiyo hiyo, kiliachiliwa mara tano kutoka mgongoni mwa Boeing 747, lakini hapo kilichopimwa ni kuelea na kutua, si joto. Vigae vilichomwa kipande kipande maabarani, maana hakuna tanuri la kuingiza chombo kizima. Columbia iliporudi kutoka safari hiyo ya kwanza, vigae 16 havikuwepo na 148 vilikuwa vimeharibika. Wimbi la mgandamizo la roketi za pembeni zilipowashwa lilizidi makadirio, ikabidi mfumo wa maji wa jukwaani, unaopunguza nguvu ya wimbi hilo, urekebishwe.

Isitoshe, joto la kila safari liliunguza dawa ya kuzuia maji ndani ya vigae, kwa hiyo vilidungwa sindano kimoja kimoja. Hii ndiyo kazi isiyopigwa picha! Mpango ulikuwa wiki mbili kati ya safari; muda mfupi kabisa uliofikiwa, kutoka kurushwa hadi kurushwa tena, ni siku 54, kwa Atlantis, chombo kingine cha aina hiyo, mwaka 1985.

Tunaomba habari yenu ijayo ya chombo kilichotua itaje pia sehemu zilizobadilishwa, na tarehe ambayo chombo hicho hicho kimeruka tena.

Walimu wa fizikia,
Tudor, Mombasa