Mrejesho Ufike Kijijini: Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Kongwa

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua chuoni umeacha wanafunzi na kazi zinazokusubiri. Karibu sana Kongwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu hukutana Jumamosi baada ya usafi. Kazi yetu ni kusoma tafiti zilizokwisha kuchapishwa, kuzielewa kwa msaada wa walimu, kisha kuzieleza kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hajawahi kuingia maabara. Mwaka huu tumeandaa meza 3: fizikia ya nadharia, kilimo wakati wa UVIKO-19, na afya ya jamii. Tangu asubuhi wazazi wanatuuliza mambo hayo yanakutana wapi. Kwa ruhusa yako tungependa kulijibu swali hilo mbele yako.

Kwenye meza ya kwanza umekuta kikokotoo, daftari na penseli, basi. Kazi tuliyoionyesha pale ni ya Robert May, aliyezaliwa Sydney, Australia, mwaka 1936. Alisomea fizikia ya nadharia, akapata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza metali ambazo zikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Baadaye akahamishia hesabu zake kwa viumbe hai, na mwaka 1976 akachapisha katika jarida la Nature makala juu ya mlinganyo ambao mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuukokotoa.

Chukua namba kati ya 0 na 1. Hiyo iwe wingi wa wadudu shambani mwaka huu, ukilinganisha na wingi wa juu kabisa ambao shamba linaweza kuubeba. Itoe kwenye 1, zidisha jibu kwa namba yenyewe, halafu zidisha kwa kiwango cha kuzaliana. Jibu ndilo wingi wa mwakani. Kiwango kikiwa 2, ukianza na 0.2 utapata 0.32, kisha 0.4352, na baada ya hatua chache namba inatulia kwenye 0.5. Kikiwa 3.2 hakuna kutulia: mwaka mmoja ni karibu 0.8, unaofuata ni karibu 0.51, na inaendelea kuruka hivyo. Kikiwa 3.9 mpangilio wote unapotea. Wanafunzi wawili wakianza mmoja na 0.200 na mwingine na 0.201, hazipiti hatua nyingi kabla majibu yao hayajaachana kabisa.

Baba mmoja mkulima wa mtama alikaa pale na kikokotoo, akaanza upya mwenyewe kuhakikisha hatumdanganyi. Kisha akauliza kama ndiyo sababu viwavijeshi hujaa mwaka mmoja na mwaka wa pili hawaonekani, ilhali yeye hakubadilisha kitu. Tulimjibu kwamba mvua, upepo na dawa vina nafasi yao, lakini May alionyesha kuwa kupanda na kushuka kwa namna ile kunaweza kutoka ndani ya kuzaliana kwenyewe, hata pasipo sababu ya nje. Ndugu Mgeni Rasmi, kwetu hilo ni jambo kubwa. Huku kijijini, mavuno yakiharibika na sababu isionekane, watu huanza kushukiana.

May hakuishia kwa wadudu. Pamoja na Roy Anderson alizipeleka hesabu hizi kwenye magonjwa ya kuambukiza, wakatoa kitabu kikubwa mwaka 1991. Njia walikuwa wamefunguliwa mwaka 1927 na William Kermack na Anderson McKendrick. McKendrick alikuwa daktari wa jeshi aliyefanya kazi India, na Kermack alikuwa mkemia aliyepofuka kwa mlipuko wa maabara mwaka 1924 na akaendelea na hesabu akiwa haoni. Wawili hao waliigawa jamii katika mafungu 3: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliotoka kwenye mzunguko wa ugonjwa. Humo ndimo ilimotoka hesabu ya mgonjwa 1 huambukiza watu wangapi, iliyosikika sana wakati wa janga la UVIKO-19. Mgonjwa 1 akiambukiza watu 3, ugonjwa utaanza kurudi nyuma pale theluthi 2 ya watu watakapokuwa na kinga. May alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ikiitumia hesabu aliyosaidia kuijenga.

Hapo ndipo fizikia ya nadharia inapokutana na zahanati, na ndiyo maana tuliziweka meza hizi jirani.

Kabla hatujatoka kwenye fizikia, tumtaje Erasto Mpemba. Kisa cha maziwa yake ya aiskrimu, yaliyowekwa kwenye friji yakiwa moto na yakaganda kabla ya yale yaliyopoa, kila mwanafunzi Tanzania anakijua, hivyo hatutakirudia. Tunalotaka kusema ni kwamba baada ya andiko lake na mwanafizikia Denis Osborne la mwaka 1969 swali lile halikufa. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walilitolea maelezo ya kinadharia, na mwaka 2020 watafiti wa Kanada walilipima kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, wakaona chembe iliyoanza na joto zaidi ikipoa haraka zaidi katika hali maalumu. Swali lilitoka darasani Tanzania, likazunguka dunia, na majibu hayo sisi tuliyapata kwa kubahatisha, mwalimu wetu alipoyasoma kwenye simu yake. Shuleni tulikuwa bado tunasimuliwa aiskrimu.

Ndugu Mgeni Rasmi, meza ya pili inatuhusu wenyewe. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020, wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, na tulirudi Juni 29. Huku kwetu miezi ile ni ya mavuno, kwa hiyo tuliipitisha mashambani. Watafiti nao walizuiwa kusafiri, wakahamia kwenye simu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour ulihoji kaya kwa simu katika nchi za Ethiopia, Malawi, Nigeria na Uganda. Ulikadiria kuwa watu milioni 256, sawa na asilimia 77 ya watu wa nchi hizo, waliishi katika kaya zilizopoteza kipato.

Tuliusoma kwa heshima, na tulikuwa na swali. Simu humpata mwenye simu, aliyeichaji, na aliye mahali penye mtandao. Watafiti wenyewe walilijua hilo na walirekebisha hesabu zao kadiri walivyoweza. Lakini bibi anayelima ekari moja ya uwele, ambaye simu iko kwa mjukuu Dodoma mjini, hakuna marekebisho yanayoweza kumfanya aseme. Ndiyo maana tuliamua kwenda kuwasikiliza wazee wetu kuhusu mwaka ule. Mama mmoja alitueleza kuwa alizeti yake ilikaa ndani muda mrefu kwa sababu dalali aliyezoea kuinunua hakutokea. Alipouliza bei kwingine kila mtu alimtajia yake, naye hakuwa na namna ya kujua ya kweli. Mkulima mwingine alisema hasara yake haikutokana na ugonjwa wala soko, bali na kukosa vibarua, maana kila kaya ilikuwa shambani kwake na watoto wake, hakuna aliyetaka kuajiriwa, naye hakuwa na wa kumwajiri. Hatudai kwamba mazungumzo haya ni utafiti kamili. Tunasema yana mambo ambayo dodoso la simu halikuuliza, na mtu wa kuyauliza yuko hapa kijijini.

Meza ya tatu ni ya afya, na hapo tutakuomba uvumilie kidogo, Mgeni Rasmi, kwa sababu ndiyo iliyotugusa zaidi.

Kongwa imetafitiwa sana. Utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho ambao wazee wetu wanauita vikope, umefanyika hapa tangu miaka ya 1980. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji vya Kongwa: pale familia zilipohimizwa kunawisha watoto uso, watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipungukiwa na trakoma kali. Watafiti waliona pia kuwa wingi wa maji yanayoingia nyumbani peke yake hauelezi nani ataugua. Ni lazima maji hayo yafike usoni mwa mtoto. Leo kunawa uso ni sehemu ya mkakati wa dunia nzima dhidi ya ugonjwa huu, pamoja na upasuaji wa kope, dawa ya azithromycin na usafi wa mazingira. Yaani mama zetu na bibi zetu wa Kongwa walichangia kuokoa macho ya watu wa nchi wasizozijua. Tulipowasimulia bibi zetu habari hii, kuna mmoja aliyekumbuka vizuri wageni waliokuwa wakigeuza kope za watoto na kuandika. Jina la jarida hakulijua, wala kwamba yale yaliyoandikwa pale yalifika mbali. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Utafiti wa pili ni wa sumukuvu. Mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika mkoa wetu wa Dodoma na katika mkoa wa Manyara. Watu waligeuka macho ya njano, wakatapika, matumbo yakavimba, na takribani 20 walifariki. Uchunguzi ulibaini kuwa ni sumukuvu kwenye mahindi waliyokula. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaopenda nafaka iliyoumizwa na ukame shambani na kuhifadhiwa bila kukauka. Haina harufu ya kukuonya. Haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi ini hudhurika, na mwenye homa ya ini aina ya B huongezewa hatari ya saratani.

Kwenye meza ile tumeweka chupa za soda zilizokaushwa, chumvi, na mahindi tuliyoyatoa majumbani kwetu. Unatia mahindi kiasi na chumvi kidogo iliyokauka, unaziba, unatikisa vizuri, unaacha ikae. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuingia ghalani. Ikidondoka yote chini, yamekauka. Katika chupa tulizotikisa asubuhi hii, kuna zilizoganda chumvi, na wenye mahindi hayo wapo hapa. Mmoja wao aliondoka mara ile kwenda kuyatoa kwenye viroba na kuyaanika tena. Tulimwomba aanike kwenye turubai, si chini, achambue punje zilizovunjika na zenye ukungu, na zile alizozitenga zisiende kwa kuku wala kwenye pombe.

Mgeni Rasmi, Kongwa hii pia ndiyo iliyopokea mpango wa karanga wa Waingereza kuanzia mwaka 1947. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3, wakaleta matrekta mengi, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Mvua haikuwa imepimwa vya kutosha, na udongo huu wenye mfinyanzi uliposhikwa na kiangazi ukawa mgumu kiasi cha kukatalia karanga ndani. Waliokuwa wakiijua ardhi hii walikuwepo. Hawakuulizwa.

Kwa hayo, Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi.

Ombi letu la kwanza na kubwa ni mrejesho. Wewe ni mtafiti na unawafundisha watafiti. Tunaomba kila mwanafunzi wako atakayekuja kuchukua sampuli au kujaza dodoso katika wilaya hii arudi na kurasa chache za Kiswahili, azibandike ofisi ya kijiji na kuzisoma kwenye mkutano wa hadhara. Kama hawezi kurudi, azitume kwetu. Klabu hii itazisoma kwa niaba yake, na maswali ya wananchi tutamrudishia.

Pili, tunaomba kipima unyevu cha nafaka. Chupa na chumvi hutuambia mahindi ni mabichi au makavu, lakini hazitupi kiwango. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Tukiwa na kifaa, kila kaya ya jirani italeta mahindi yake hapa shuleni kabla ya kufunga mifuko.

Tatu, kipima mvua. Tunacho kimoja tulichotengeneza kwa chupa ya plastiki, na tunaandika kila mvua inaponyesha, lakini jua limekipasua.

Nne, mwalimu wa fizikia. Aliyepo anafundisha kidato cha kwanza hadi cha nne peke yake, na Jumamosi anakuja kwetu. Tunamshukuru sana, na tungependa apate msaidizi.

Mwisho, tunakuomba upite tena meza ya kwanza kabla hujaondoka. Kuna mwanafunzi wa kidato cha pili aliyejaribu kiwango cha 3.83, akaona namba 3 zikijirudia kwa zamu katikati ya vurugu yote ile. Walimu wetu wamekubali kwamba amekokotoa sawasawa, ila hawajaweza kumweleza kwa nini inatokea. Anakusubiri na daftari lake.

Tunaomba kuwasilisha.

Wako watiifu,
Wanaklabu wa Sayansi, Kongwa