Msiwatwike akina mama wa Goma usonji wa watoto wao

Bwana Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuandika neno. Lakini ile habari yenu, kwamba hofu ya vita iliingia kwenye jeni za watoto wa Goma na ndiyo inayoleta usonji (otizimu), imenishinda kunyamazia.

Utafiti mlioutaja upo. Ulifanyika hapa kwetu, lopitali ya HEAL Africa, chini ya Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, ukachapishwa 2012. Akina mama walikuwa 25, na watoto wao wachanga. Mama aliulizwa dhiki alizopitia, mtoto akapimwa uzito, kisha damu ikachunguzwa alama za methili, yaani vibandiko vidogo vya kikemikali vinavyokaa juu ya DNA na vinavyoweza kuizima jeni, kwenye jeni ya NR3C1, inayotengeneza kipokezi cha kotisoli, homoni ya dhiki. Dhiki ya mama ilipozidi, methili ya mtoto iliongezeka na uzito ulipungua. Usonji haukupimwa, na kwa mtoto wa siku moja hauwezi kupimwa: dalili huanza kuonekana wazi kwenye mwaka wa pili. Sasa mwandishi wenu aliutoa wapi?

Kuna jambo jingine ambalo yeyote aliyewahi kupima methili angemwambia. Damu si ubongo. Kila aina ya seli ina alama zake za methili, na tone moja la damu lina aina nyingi za seli zilizochanganyika. Uwiano wake ukibadilika kidogo tu, kwa maambukizi ya mama kwa mfano, kipimo kitaonyesha methili imebadilika hata kama hakuna seli moja iliyobadilika. Kisha kuna kazi ya maabara yenyewe. DNA hutiwa kemikali iitwayo bisulfiti. Hiyo hugeuza sitosini (herufi C ya DNA, ndiyo inayobeba methili) isiyo na methili kuwa herufi nyingine, urasili, na kuiacha ile yenye methili. Bisulfiti isipofanya kazi mpaka mwisho, sitosini zilizobaki zinasomwa kana kwamba zina methili. Ikizidishwa muda, DNA inakatikakatika. Hata yote yakienda sawa, bado hujui kama alama ilitangulia ugonjwa au iliufuata. Kwa watu 25 huwezi kuyatenganisha hayo, na watafiti makini hawadai wameyatenganisha.

Mngetaka mfano ambao alama hizo zinajulikana kuleta ulemavu wa akili, upo: ugonjwa wa X dhaifu. Kipande cha herufi tatu za DNA, CGG, kwenye jeni ya FMR1 kikijirudia zaidi ya mara 200, methili huifunga jeni na protini yake haitengenezwi. Unarithiwa. Machozi ya mama hayahusiki.

Juma lile lile mama mmoja wa Majengo, ambaye mtoto wake wa miaka minne hasemi, alionyeshwa ukurasa wenu na wakwe zake. Wakamwambia ni yeye aliyemharibu mtoto, kwa kulia sana akiwa na mimba wakati wa kukimbia. Mtoto yule hajapimwa masikio hata siku moja! Asiyesema huanzwa na masikio. Kisha unauliza: alilia alipozaliwa? Alipata manjano makali? Aliwahi kuugua malaria ya ubongo au meninjitisi? Hayo tunayaona hapa kila mara, na mengi yanazuilika.

Na kama ni mimba mnataka kuandika, andikeni juu ya valproati, dawa ya kifafa inayouzwa kwenye farmasi za mitaani bila mwanamke kuulizwa kama ana mimba au anatazamia kuipata. Dawa hii huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili, kibandiko kingine cha kikemikali, kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, kwa hiyo hugusa moja kwa moja namna jeni zinavyofunguka. Kati ya watoto walioipata tumboni, 30 hadi 40 kwa kila 100 huchelewa kutembea, kusema au kujifunza, na karibu 10 huzaliwa na kilema. Anayeitumia asiiache ghafla, kifafa kinaweza kumuua. Amwone daktari ambadilishie kabla ya kubeba mimba.

Naomba mambo mawili. Chini ya kila habari ya utafiti, wekeni mistari mitatu: watu wangapi walipimwa, kiungo gani kilichukuliwa, na ugonjwa uliotajwa kwenye kichwa cha habari ulipimwa au la. Na onyo hilo la valproati litoke Jumamosi nne mfululizo, ukurasa wa matangazo ya vifo, ambao kila nyumba inausoma.

Msomaji wenu, Himbi, Goma