YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIPIMO CHA MAMA YANGU NA KUDHALILISHWA KWAKE MAPOKEZI

Kwa Meneja,
Kliniki ya Masikio, Pua na Koo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mmenitumia ujumbe kwenye simu mkiomba maoni kuhusu huduma zenu. Asanteni kwa kuuliza. Maoni yangu ndiyo haya.

Mama ana kidonda ubavuni mwa ulimi, kimepita wiki tatu hakiponi, na ametafuna tambuu na tumbaku tangu usichana wake. Daktari wenu alisema mtu wa namna hiyo habahatishiwi na dawa ya kusukutua, anakatwa kinyama kikapimwe. Alisema kweli, na kwa hilo namshukuru. Tukalipa, akakatwa.

Siku tuliyofuata majibu, ukumbi ulikuwa umejaa. Dada wa mapokezi hakumwita mama kwa jina wala kwa namba. Alinyanyua faili juu akapaza sauti: "Yule bibi wa kansa ya mdomo yuko wapi? Aje amalizie hela!" Majibu yalikuwa hayajatoka. Hakuna mtu, hata daktari, aliyekuwa amemtamkia mama neno hilo. Na hiyo hela ilikuwa imeshalipwa, risiti yenye mhuri wenu ninayo. Utaratibu wa kutunza siri za mgonjwa mmeubandika wenyewe ukutani, nyuma ya kiti cha dada huyohuyo, kwa hiyo sitawasomea.

Kinyama chenyewe kiko wapi? Kila tulipopiga simu tuliambiwa majibu yako njiani. Mwisho ndipo mkasema sampuli imeharibika, mama aje akatwe upya, na tulipe upya. Siku anakatwa nilimuuliza nesi mbona kichupa hakina jina. Akanijibu, "Tunakijua." Kinyama kisipowekwa mapema kwenye formalini, ile dawa ya kukihifadhi, kinaoza, na mtaalamu wa patholojia hana tena cha kusoma kwenye darubini. Hayo mnayajua kuliko mimi. Ulimi wa mama yangu si jora la kitambaa, kwamba kipande kikipotea mnakata kingine.

Naomba nirudie suala la mapokezi, maana naona mtalisoma juujuu. Mama alikuwa benchi la mbele, mtoto wa mgonjwa mwingine anachezea bangili zake. Dada akapaza sauti, "bibi wa kansa ya mdomo". Mwenye mtoto akamvuta mwanawe akahamia benchi la nyuma. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akaingia ndani akafunga mlango. Mama akavuta mtandio akajiziba mdomo, hakuuondoa mpaka tunashuka kwenye bajaji nyumbani. Tangu siku hiyo anakula peke yake chumbani, kikombe chake amekitenga, anaogopa kuwaambukiza wajukuu. Saratani haiambukizwi kwa kijiko wala kikombe. Nani kati yenu alimweleza?

Nilipoanza kuandika nilikuwa nadai fedha zetu tu. Sasa nadai fedha zote za kipimo, maelezo ya maandishi yaliyosainiwa kuhusu kinyama kilikokwenda, na nakala ya faili lake. Dada wa mapokezi na daktari aliyefunga mlango waje nyumbani wamwombe mama radhi, wote wawili, si kwa simu. Tumeshampeleka Muhimbili, anakatwa tena pale pale palipokuwa panaanza kufunga. Gharama hizo nazo ni zenu, pamoja na nauli.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, malalamiko haya yatakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika na Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, na risiti zote nitaambatanisha. Kidonda kikiwahiwa kingali kidogo, mara nyingi upasuaji unatosha. Kikishaingia kwenye tezi za shingo, ni upasuaji mkubwa na mionzi ya hospitali ya saratani, Ocean Road. Muda wote mliotuambia "majibu yako njiani", kidonda hakikuwa kinawasubiri nyie. Basi majibu ya Muhimbili yakionyesha kimefika shingoni, msihangaike kurudisha fedha. Wakili wetu atawaandikia.

Wenu,
Mtoto wa mgonjwa

Nakala: Wakili wa familia