Ufunguzi wa AFCON 2027 upitie na huku ziwani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo ninalo moyoni tangu Julai 2024 na zaidi ya wenzangu wa hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba sijapata wa kumwambia.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 26, ufunguzi wa Olimpiki ya Paris. Mbalamwezi ilikuwa bado inasumbua, na dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwahiyo vijana wengi wa dagaa hawakuingia ziwani, banda la video likajaa mpaka watu wamekalia ndoo na madumu. Kwa saa zetu ilianza saa mbili na nusu usiku. Mi nilijua ni yale yale, timu zinazunguka uwanja zinapunga bendera basi. Kumbe safari hii wametoka nje ya uwanja kabisa, wanamichezo wamepandishwa kwenye boti, boti kama 85, zinashuka mto Seine kilometa 6 hivi katikati ya mji, mvua inawanyeshea na wao wanacheza tu.

Yaani banda zima lilinyamaza. Hawa ni watu ambao boti ndio ugali wao, baadae wakaanza kuchambua, ile imejaza upande mmoja, nahodha wa ile anajua kupita chini ya daraja, mbona wale hawajavaa maboya. Nchi zilikuwa zinaitwa kwa alfabeti ya Kifaransa, Ugiriki mbele kama kawaida, halafu timu ya wakimbizi, sisi tuko kule kwenye T, tulisubiri jamani. Bendera yetu ilipotokea, wanamichezo 7 tu na boti wamechangia na nchi zingine, watu walisimama wote. Mzee mmoja akatukumbusha kuwa medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, fedha zote, Moscow 1980, wakimbiaji Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na huyo Nyambui ni wa Majita, mtoto wa ziwa hili hili. Hapo kijana mmoja mpiga kasia akanigeukia, "mama, ule si mto tu, sisi na ziwa lote hili tunalifanyiaga nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo. AFCON ya 2027, kombe la mpira la mataifa ya Afrika, tumepewa sisi, Kenya na Uganda, na nchi hizo tatu ndizo zinazochangia Ziwa Victoria! Ufunguzi wa CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, Agosti 2025 ulifanyika uwanja wa Mkapa Dar, Taifa Stars ikampiga Burkina Faso 2-0, tulishangilia mpaka sauti zikakauka, ila kwa sisi wa huku kilikuwa kitu cha kwenye tivii. Siombi mechi ziletwe uwanja wa Kirumba. Naomba wiki ya ufunguzi kombe lije kwa maji, litoke Kisumu, lipite Port Bell, liingie Mwanza, MV Victoria ipo, na mitumbwi ya kasia iende kulipokea pale kwenye mawe ya Bismarck. Wapiga kasia tunao, mashindano ya mitumbwi yanafanyikaga hapa na timu za wanawake zipo. Ifanyike asubuhi ziwa likiwa limetulia, kila mtu na boya lake, hilo lisiwe na mjadala.

Nalisema la maboya kwa uchungu. Ziwa letu likitajwa nchi nzima mara nyingi ni msiba, 1996 ilizama MV Bukoba, 2018 ikazama MV Nyerere pale Ukara. Mwanangu wa mwisho ana miaka 9, ziwa analijua kwa samaki na kwa vilio. Natamani sana alione siku moja limebeba bendera tatu na watu wanaimba, tena alione kwa macho yake akiwa amesimama hapa ufukweni, sio bandani.

Kwahiyo nauliza TFF, wizara ya michezo na mkoa wetu, kuna yeyote ameshalifikiria hili ziwa kwenye mipango ya 2027? Tujibiwe humu humu gazetini, huku tunasoma.

Mama muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza