Barua ya Kufunga Muhula: Maonyesho ya Karatasi, na Ukurasa Uliokatwa

Wapendwa Wazazi na Walezi,

Salamu. Tumefunga muhula salama. Ripoti zimo kwenye bahasha ya kila mwanafunzi. Zisomeni pamoja na mtoto mwenyewe. Choo cha wavulana kimekarabatiwa. Tarehe ya kufungua haijabadilika.

Sasa nije kwenye yaliyonikalisha niandike.

Mliofika kwenye maonyesho ya tarehe 21 Machi mliziona kuta za ukumbi. Ambao hamkufika, mmepitwa. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye kwa kawaida akija huuliza habari za mabati, alisimama mbele ya ukuta wa darasa la tatu hadi chai yake ikapoa.

Jambo lenyewe lilianza na penseli. Mtoto wa darasa la tatu alimwomba mwenzake "rangi ya ngozi", naye akapewa penseli ya pinki iliyopauka, bila hata kuulizwa anataka ipi. Mwalimu wa sanaa akasimamisha somo: ngozi ya nani? Darasa zima likatazama mikono. Hapakuwa na mkono hata mmoja uliolingana na penseli ile, hata wa yule mtoto ambaye sote tulidhani wake ungelingana. Wala kosa hilo si letu peke yetu. Crayola, watengenezaji wa kalamu za nta, walikuwa na kalamu iliyoitwa rangi ya mwili mpaka mwaka 1962 walipoibadilisha jina, na ilifika 2020 ndipo wakatoa boksi la rangi 24 za ngozi za watu.

Sisi hatukungoja boksi. Watoto walipewa rangi za maji nyekundu, njano, bluu na nyeupe, wakaambiwa kila mmoja atafute ngozi yake na kuandika idadi ya matone kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la sanaa. Wawili ambao kwa macho ungesema hawafanani kabisa walikuta wametumia matone yaleyale, ila mmoja alizidisha nyeupe. Majina ya rangi waliyatunga wenyewe: udongo baada ya mvua, mbao ya dawati, mgongo wa gitaa. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona darasa la tatu likinyamaza namna ile.

Darasa la saba walijifunza kwa nini siku yenyewe ni 21 Machi. Tarehe hiyo mwaka 1960, huko Sharpeville, Afrika Kusini, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga sheria za pasi, wakaua 69. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa ukaifanya kuwa Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi. Na hiyo pasi ilikuwa nini? Kijitabu tu: picha, namba, saini ya mwajiri. Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akikutwa hana, anakamatwa, na mambo yakabaki hivyo hadi sheria hizo zilipofutwa mwaka 1986. Watoto wakakunja manila, wakashona mgongo kwa uzi, wakatengeneza vijitabu vyao. Pale ambapo mwajiri angetia saini, mwenye kijitabu alitia yake mwenyewe. (Vijitabu vinne vilikunjwa na mtu mzima, tunavijua. Mwacheni mtoto apinde karatasi yake, hata ikienda upande.)

Darasa la sita ndilo linalonipeleka nisikotaka kwenda. Walitengeneza kolaji, yaani picha za vipande vya karatasi vilivyobandikwa pamoja, kwa namna ya Romare Bearden, msanii Mmarekani Mweusi ambaye katika miaka ya 1960 alikata picha za magazeti na kuunga sura za watu wake, jicho kutoka hapa, mkono kutoka kule. Magazeti yetu yalikuwa na nyuso za aina moja mno, kwa hiyo watoto walipaka karatasi rangi zao, wakazikata hizo. Msichana mmoja alimtengeneza bibi yake. Siku chache baada ya maonyesho, uso wa bibi ulikatwa kutoka kwenye daftari, ukabandikwa kwenye picha ya nyani, na picha hiyo ikapitishwa chini ya madawati.

Waliofanya hivyo ni watatu. Walikaa nyumbani siku 5, na habari imeandikwa kwenye mafaili yao. Nimeombwa niiondoe. Sitaiondoa.

Mzazi mmoja alifika ofisini akaniambia huo ni utani wa watoto. Mzazi mwenzangu, utani una pande mbili. Anayetania anajua naye atataniwa, na wote watacheka. Binti yule hakucheka. Nilipomuuliza kijana wako mfano huo wa nyani aliusikia wapi, alinijibu papo hapo, wala hakujua kwamba ananiambia jambo zito. Sitaliandika hapa. Mwenyewe unajua sebule ni ya nani.

Mzazi mwingine aliuliza kwa nini tunawafundisha watoto mambo ya rangi wakati hesabu inawashinda. Hesabu haikuwashinda, fungua bahasha. Na hayo ya rangi hatukuwafundisha sisi. Walikuja nayo kutoka nyumbani, na madaftari yametuonyesha tu.

Tulipendekeza watatu hao watengeneze uso mwingine kama fidia. Msichana alikataa. Alisema bibi yake hatengenezwi na waliomkata. Ameuacha ukurasa na tundu lake na ameandika kulizunguka pande zote. Nimemruhusu, ingawa mwalimu wa sanaa alitaka ukurasa ule ubandikwe upya.

Kuhusu ada: barua mbili zimeshakuja kwenu na mnajua mnachodaiwa. Manila, gundi na rangi mlizozipigia makofi ukumbini zilinunuliwa kwa ada za waliolipa. Nilimwona mzazi akipiga picha kazi ya mwanawe kwa fahari, ilhali hajalipa tangu muhula uliopita. Mwenye shida aje tuongee kabla ya kufungua. Ofisi yangu haijawahi kumfukuza aliyekuja kueleza. Anayejificha ndiye anayenichosha. Na wale mliowachukua watoto wiki moja kabla ya kufunga bila ruhusa, mtaleta maelezo kwa maandishi.

Madaftari yanarudi nyumbani likizo hii. Ukurasa uliokunjwa kona ni wa siri. Sisi walimu hatuufungui, nanyi msiufungue. Magazeti ya zamani na makasha matupu tunayapokea, hasa yenye picha za watu wa kila namna.

Mikasi minane ya shule iko majumbani mwenu. Tunaitaka siku ya kufungua.

Wenu,
Mwalimu Mkuu