Fundi bodi naye afundishwe vipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo ambalo sisi wa gereji za Tabora tunalizungumza kila siku huku tumelala chini ya magari, lakini sioni likifika kwa wanaopanga mafunzo.

Kila mwaka matangazo ya kujiunga na vyuo vya ufundi yanapotoka, wazazi huja kuniuliza mtoto akasome nini: ufundi magari, umeme wa magari, au bodi. Wengi huwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Mwenye akili aende umeme, maana siku hizi gari linasomwa kwa kompyuta. Wa katikati aende injini. Aliyeshindikana, "huyo akanyooshe mabati." Mzazi mmoja aliyasema hayo mbele ya kijana mwenyewe, na mbele yangu mimi niliyeshika nyundo.

Matusi hayo nimeyazoea, hayanikoseshi usingizi. Kinachonikosesha ni kwamba hata baadhi ya wanaofundisha kazi hii wanaiona hivyo hivyo: kazi ya kurudisha sura ya gari, basi. Matokeo yake tunayapakia abiria.

Gari dogo la leo, iwe IST, Probox au Noah, halina chesesi, ile fremu ya chuma ya chini, inayosimama peke yake kama Land Rover za zamani au malori yanayosomba tumbaku ya Urambo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Injini imefungwa humo, shokapu zimeshikwa humo, watu wamekaa humo. Sehemu ya mbele imeundwa makusudi ikunjike gari linapogonga, ili kishindo kiishie kwenye bati kabla hakijafika kwenye kifua cha dereva, huku chumba cha abiria kikiachwa kigumu. Wazo hilo ni la mhandisi Béla Barényi, na Mercedes-Benz waliliingiza kwenye magari yao mwaka 1959, kwa hiyo si la jana. Ila magari ya namna hiyo ndiyo yaliyojaa Tabora sasa, na wengi wetu tunaoyanyoosha tulirithishwa kazi na wazee waliozoea magari ya chesesi.

Barabara ya Itigi na ile ya Mpanda zilipokuwa za vumbi, magari yalitufikia yamekatika springi na kupasuka sampo. Sasa ni lami, watu wanakimbia, na gari likikutana na ng'ombe usiku kule Nyahua linaletwa halina uso. Fundi anafanya alivyoonyeshwa. Anafunga mnyororo kwenye mwembe, anavuta mpaka boneti ikubali kufunga. Palipojikunja sana anapasha moto kwa gesi mpaka pawe pekundu, anagonga. Palipochanika anachomelea bati la pipa. Halafu puti ya kujazia mabonde, msasa, praima, rangi. Puti haitakiwi kuzidi milimita 3 hivi, lakini nimeshabandua ya unene wa kidole. Gari linatoka linang'aa, mwenyewe anafurahi, analipa.

Haupiti muda tairi la mbele linaliwa upande mmoja. Anakwenda kwa fundi wa chini, anaambiwa boljointi zimekwisha. Anabadilisha. Linaliwa tena. Anaambiwa bushi. Maskini fundi yule anatukanwa bure, kwa maana kosa liko kwetu wa bodi: gari limerudishiwa sura, halikurudishiwa vipimo.

Hilo la tairi ni hasara ya pesa tu. Baya zaidi liko pale palipopashwa moto. Vyuma vingi vinavyobeba uzito na kishindo katika magari haya vimepewa ugumu wake kiwandani. Ukivichoma mpaka viwe vyekundu ugumu ule unaondoka, na kuvimwagia maji hakuurudishi. Kwenye magari mapya zaidi kuna vyuma, hasa vya nguzo za milango, ambavyo havinyooshwi kabisa: hukatwa vikawekwa vingine. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Utaiona siku gari likigonga mara ya pili.

Tena kuna betri. Fundi anaunga waya wa ashi, ule wa kurudisha umeme wa mashine ya kuchomelea, popote, anaanza kuchomelea bila kufungua betri, kontrolboksi (kompyuta ya gari) inaungua, na lawama anabeba fundi umeme. Mifuko ya hewa ya usalama nayo inaweza kulipuka usoni mwa fundi. Toyota huelekeza waya wa hasi ufunguliwe, kisha usubiri walau sekunde 90 kabla ya kugusa mfumo huo. Ni jambo la dakika moja na nusu, lakini asiyewahi kuambiwa atalijulia wapi?

Sasa niseme ninachotaka, maana kulalamika kila mtu anaweza. Nataka kupima kuwe ndiyo somo la kwanza la fundi bodi, kabla ya nyundo. Najua mashine za kunyooshea zenye vipimo vya kompyuta ni za bei ambayo gereji zetu hazitaifikia karibuni, na sizidai. Futi ya chuma inatosha kuanzia. Unapima msalaba kwenye matundu ya bodi: tundu la mbele kulia mpaka la nyuma kushoto, kisha la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia. Vikipishana, gari limepinda, hata kama rangi yake unajiona kama kwenye kioo. Kijana aliyeishia darasa la saba anaelewa hilo asubuhi moja, na akishalielewa hakubali tena kuvuta gari kwa kukisia.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ofisi yake ya kanda hii ya Magharibi iko hapa hapa Tabora, kwa hiyo siandiki barua ya kwenda mbali. Upo pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anaongezewa pale alipopungua, anapewa cheti. Ni utaratibu mzuri kwelikweli kwa watu wa aina yangu, tusioweza kufunga gereji tukakae darasani na wanetu. Ombi langu ni kwamba fundi bodi asipimwe kwa ulaini wa rangi yake. Apewe gari lililopinda, aulizwe limepinda wapi na kwa sentimita ngapi kabla hajashika kitu. Akishindwa kujibu, afundishwe ndipo apewe cheti. Cheti cha kupaka rangi vizuri kitampa mteja imani ambayo gari halistahili.

Kuhusu wanafunzi wanaokuja fildi, niseme ukweli usiopendeza. Kijana akija kwangu anapiga msasa, anafagia, anatumwa thina dukani. Si roho mbaya. Mteja amesimama mlangoni, na gari la mtu si la kujifunzia kukata nguzo. Huko chuoni nako bodi za kukata na kuunga si nyingi. Wakati huo huo mikweche iliyopata ajali imeota majani kwenye yadi, mpaka siku ipigwe mnada iende kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa nini mojamoja isipelekwe chuo? Gari lililokunjika kweli linafundisha kuliko bati jipya lililokunjwa na mkufunzi kwa nyundo. Na kwa kuwa sekondari za mkondo wa amali, yaani wa ufundi, zimeanza, kwa Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, nazo zinahitaji vitu hivyo hivyo.

Lingine ni mapafu. Rangi za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuikausha, zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinajulikana duniani kote kwa kuwapa mafundi rangi pumu, na ukishaipata hata kidogo cha mvuke ule kinakuamsha usiku. Barakoa ya karatasi inazuia vumbi la msasa, haizuii mvuke. Kitambaa cha kujifunga puani ndiyo kabisa. Kifaa chenyewe kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Pale kifaa hicho kisipopatikana, walau kijana afundishwe kuchagua mahali na mwelekeo wa upepo, asipulizie rangi kwenye kona ya uzio huku mama lishe anatupikia wali hatua chache kutoka hapo na mtoto mgongoni. Mafundi rangi wanaokohoa tunawajua kwa majina. Tunasema ni sigara, hata kwa wasiovuta.

Wateja nao wana sehemu yao. Magari mengi yana bima ndogo, ambayo humlipa uliyemgonga na haitengenezi gari lako, hivyo mtu anatoa mfukoni na anamtafuta wa bei ya chini. Namwelewa. Lakini mwenye gari la abiria anayeniambia "we piga rangi tu nikafanye biashara" ananiomba nifiche kitu, na anayefichwa ni abiria. Trafiki hulikagua gari baada ya ajali. Likishatoka kwa fundi bodi sijaona mtu akija kulipima kama limerudi sawa. Kama hilo ni gumu kwa magari yote, lianze kwa yale yaliyofanya ajali kubwa na yanabeba watu kwa nauli.

Kwa wakufunzi wa ufundi bodi hapa mjini: nina mikweche miwili iliyotelekezwa na wenyewe, wameniruhusu kuikata nitakavyo. Mmoja umepinda vibaya na kwa nje hauonyeshi. Leteni vijana na futi zao, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Fundi bodi,
Ng'ambo, Tabora